Salamu za Alasiri Kupitia Kitale

Kwa miaka mingi Phelista Nakhumicha alikuwa na rafiki ambaye hakuwahi kumwona. Alikuwa akipokea simu katika kiwanda cha karatasi pale Webuye, kwenye chumba kidogo chenye dirisha linalotazama matangi ya maji, na kazi yake ilikuwa kuunganisha watu: huyu anamtaka meneja, yule anamtaka mhasibu, mwingine anapiga kutoka Nairobi na sauti yake inakuja kama imefunikwa blanketi. Kitale kulikuwa na kampuni ya vipuri vya matrekta iliyofanya biashara na kiwanda, na mpokeaji simu wa kampuni hiyo alikuwa msichana aliyeitwa Lorraine Wanyoike. Ila hayo majina waliyajua baadaye sana. Wapokeaji simu wa zamani waliitana kwa miji.

"Webuye, umeamkaje?"

"Niko salama, Kitale. Nipe huyo mzee wako wa magurudumu, boss anamtafuta."

Basi mabwana wakubwa wakiwa bado wanakohoa na kutafuta karatasi zao, wale wawili walikuwa wameshaulizana habari za mvua, za watoto, za bei ya sukari. Phelista alimjua Lorraine kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kucheka. Alijua siku ambayo Lorraine alikuwa amelia. Kichwani mwake alikuwa amemchora: mrefu, mwembamba, shingo ndefu, nywele zimesukwa vizuri.

Halafu simu za mkononi zikaja, na mabwana wakaanza kupigiana wenyewe. Kampuni ya vipuri ikaona haina haja ya mpokeaji simu. Lorraine hakukaa kulia. Akaenda kusomea kompyuta katika chuo kidogo mjini Kitale, akagundua kwamba ana kichwa cha mashine, na kabla watu hawajajua kinachoendelea alikuwa amefungua saiba yake, duka la intaneti, nyuma ya duka la dawa. Alikuwa na kompyuta chache za mitumba na moja kubwa aliyoiita seva, ingawa kwa macho ilifanana na zile nyingine, tofauti yake ikiwa kwamba haikuruhusiwa kuguswa na mtu.

Phelista yeye alibaki kiwandani mpaka mwanzoni mwa mwaka 2009, kiwanda kilipofungwa. Watu wa Webuye wanaikumbuka harufu ile. Kiwanda kilikuwa kinanuka kama mayai yaliyooza, na wasafiri wa barabara kuu walikuwa wanapandisha vioo vya magari na kuuliza watu wanaishije pale. Baada ya kufungwa hewa ikawa safi, na ndipo Phelista alipojua kwamba harufu ile ilikuwa na maana ya mshahara, ya mikate ya jioni, ya sare za shule. Asubuhi za kwanza alikuwa anatoka nje ya nyumba, anavuta hewa, anarudi ndani.

Aliyempa kazi tena ni Makokha, mtangazaji wa kituo kidogo cha redio kilichokuwa ghorofani mjini Bungoma. Makokha aliendesha kipindi cha salamu kila alasiri. Zamani salamu zilikuja kwa kadi, zikaletwa kutoka Posta ndani ya gunia, nazo zilikuwa na utaratibu wake: anayetuma, anakotoka, anaowasalimia, na ujumbe. Sasa watu walikuwa wameanza kutuma kwa simu, na Makokha alikuwa amezidiwa. Alikuwa na simu moja ndogo ambayo ikijaa haipokei tena. Alisoma, akafuta, akasoma, akafuta, huku wimbo ukiisha na hewani kukabaki kimya.

"Mama Wabwile," alimwambia Phelista kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "mimi nataka mtu wa kushika hizi salamu. Wewe si ulikuwa unashika simu ya Webuye yote? Hii haiwezi kukushinda."

Phelista alijaribu kwa wiki kadhaa, akinakili ujumbe kwenye karatasi mpaka vidole vikamkaza. Ndipo akampigia Lorraine.

"Kitale, kuna kitu nataka unisaidie. Watu wanatuma salamu kama mvua, na mimi nina kijiko."

Lorraine akacheka, baada ya ile pumzi yake. Akaomba siku chache za kufikiri, kisha akapiga mwenyewe, anaongea mbio kama mtu anayekimbizwa.

"Sikiliza. Salamu zikuje kwangu. Nina simu nimeichomeka kwa seva na waya. Message ikiingia, seva inaichukua, inafuta kwa simu ndio isijae, na inaiweka kwa databesi. Lakini si databesi ya kawaida. Ile ya kawaida inaandika kila kitu kwa diski, na diski yangu ni mzee, ikipewa kazi nyingi inakohoa. Hii ni mpya, nimeitoa kwa mtandao juzi. Inaweka vitu vyote kwa kumbukumbu ya mashine, pale pale kwa akili yake. Ni haraka, bana! Unaitisha kitu kabla hujafunga mdomo kimekuja."

"Sawa. Na mimi niko Bungoma. Nitaionaje?"

"Hapo ndio kuna shida. Kompyuta yenu hapo redioni, mwenyewe amekataa iguswe, si ndio?"

"Ni ya kucheza nyimbo. Amesema mtu akiweka kitu ndani atamfukuza."

"Basi iko na brauza peke yake. Na mtandao wa hilo jengo unaruhusu kurasa za wavuti tu, hakuna kingine kinapita. Sasa hii databesi haijui mambo ya kurasa, inaongea lugha yake. Kwa hivyo naandika programu ndogo ikae katikati. Inaitwa proksi. Wewe unaandika anwani kwa brauza kama mtu anafungua tovuti. Proksi inakupokea, inageuka, inaongea na databesi kwa lugha yake, inachukua jibu, inageuka tena, inakupa kama ukurasa."

Phelista alifikiri kidogo. "Kumbe ni kupokea simu."

"Ni ile ile kazi, Webuye. Ile walitufuta."

Siku ya kuiwasha, Phelista alikaa mbele ya kompyuta ya kituo, simu ameibana kati ya sikio na bega kama alivyozoea kiwandani. Lorraine alimtajia anwani herufi kwa herufi. Phelista akaandika, akabonyeza, akasubiri.

"Inasema imekataa kuunganishwa."

"Soma vile ulivyoandika."

Akasoma. Haikuwa na kosa. Kule Kitale ilisikika kibodi ikigongwa, kisha Lorraine akijisemea kwa Kikuyu. Wakajaribu tena, ikakataa tena. Makokha alichungulia mlangoni akauliza kama mambo ni sawa, akaambiwa aende akacheze wimbo mrefu.

"Ngoja, ngoja," Lorraine akasema. "Ni mlango. Nimeiweka proksi kwa mlango wa kando, na mtandao wenu unajua ule mlango mmoja wa kurasa za kawaida tu. Naihamisha. Usikate simu."

Phelista hakukata. Alipobonyeza tena, ukurasa ukawa mweupe, ukakaa hivyo kwa muda wa kumkatisha mtu tamaa, halafu juu kabisa yakatokea maneno machache meusi, hayana pambo wala rangi:

WEBUYE UNANIPATA?

Phelista aliyatazama. Alikuwa amekaa miaka mingi akisikia sauti ile, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuiona imeandikwa.

"Nakupata," alisema kwenye simu, na ilibidi apanguse macho kwa upindo wa leso.

Lorraine alikuwa ameifunga proksi yake vizuri. Ilikubali mambo mawili tu: kuonyesha salamu zilizopo, na kuziondoa zilizokwisha kusomwa. Mtu mwingine akija na maombi mengine inamnyamazia. Lakini hakuna kitu kipya kisichokuwa na vituko vyake. Siku ya pili tu Makokha alisoma salamu za Eliakim wa Misikhu, akaweka wimbo, akarudi, akasoma salamu za Eliakim wa Misikhu. Wimbo mwingine. Eliakim wa Misikhu, tena. Kufikia hapo Eliakim mwenyewe alipiga simu kituoni.

"Asante sana, mtangazaji," alisema kwa heshima, "lakini shemeji zangu wameanza kuuliza kama nimegombea kiti."

Kumbe mtandao wa jengo ulikuwa na tabia ya kujiwekea nakala za kurasa ili usiende mbali kila mara, kwa hivyo Phelista alikuwa anapewa ukurasa wa zamani wakati ule mpya uko Kitale unamngoja. Lorraine alicheka mpaka akakosa sauti. Kisha akaongeza agizo kwenye majibu ya proksi, kwamba ukurasa huu usiwekwe nakala na mtu yeyote njiani, na Eliakim akapumzika.

Baada ya hapo kikawa kipindi cha raha. Watu waliowahi kukisikia bado wanakitaja. Alasiri, mahindi yakiwa yanapaliliwa au kuvunwa, redio ikiwa imetundikwa kwenye tawi, Makokha alikuwa anatiririka: Saboti, Kiminini, Ndivisi, Kimilili, Misikhu, salamu ziwafikie. Phelista aliketi pembeni yake, anafungua upya ukurasa, na majina yanashuka mbele yake kutoka juu kwenda chini.

Miongoni mwa salamu hizo, moja ilirudi kila wiki. Ilitoka kwa Mama Lorraine wa Kitale, kwenda kwa Nakhungu wa Saboti, popote alipo.

Mama Lorraine huyo aliitwa Rahab, na alikuwa mama yake Lorraine mwenyewe. Familia yao ilikuja kutoka Nyeri zamani, Lorraine bado hajazaliwa, wakanunua shamba Saboti. Jirani yao alikuwa Nakhungu. Wanawake wale wawili walilea watoto pamoja, wakagombana kwa sababu ya mpaka, wakapatana, wakagombana kwa sababu ya mbuzi, wakapatana tena. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nchi ilipochafuka baada ya uchaguzi, vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakikuyu walifika kwenye boma la Rahab. Nakhungu alitangulia, akasimama langoni na jembe lake, akawaambia wapite juu yake kwanza. Wakasita. Kwa kusita kule Rahab alipata nafasi ya kutoka kupitia kwenye mahindi, akaokotwa na lori la watu waliokuwa wanakimbilia mjini. Hakupata hata kugeuka kuaga.

Tangu hapo alikaa kwa binti yake. Waliorudi Saboti baadaye walimwambia nyumba ya Nakhungu ni tupu. Hakuna aliyejua alikoenda. Rahab hakulala vizuri. Alikuwa akimuuliza Lorraine swali lile lile, asubuhi wakinywa chai: "Unafikiri walimrudia?" Na kila wiki Lorraine alimwandikia salamu yake, bila imani sana, kwa kuwa ilikuwa kitu pekee cha kumpa.

Basi alasiri moja, mvua ikiwa imetanda upande wa mlima, Phelista alifungua upya ukurasa na katikati ya majina akaona:

MAMA RORENI MIMI NAKHUNGU NIKO HAI NIKO MATULO KWA BINTI. MGUU TU NDIO UNANISUMBUA.

Alimshika Makokha mkono akiwa hewani. Makokha akasoma kwa macho, akaziba maikrofoni kwa kiganja.

"Hii tuiweke mwisho," akanong'ona. "Nitaisoma polepole. Watu watalia."

Kule Kitale mvua iliteremka, radi ikapiga, stima ikapotea mji mzima. Phelista hakujua. Alifungua upya ukurasa ili kuleta salamu za mwisho, na ukurasa ukakataa. Akajaribu tena na tena. Makokha alimtazama, akamtazama, muda ukaisha, ikabidi aage wasikilizaji bila kusoma.

Stima iliporudi, Lorraine aliwasha seva, na databesi ikaamka haina kitu ndani. Kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu kilikuwa kimeondoka na umeme. Kwenye simu nako hakukuwa na nakala, kwa sababu seva ilikuwa inafuta. Yeye mwenyewe alikuwa anahudumia wateja, hakuuona ujumbe ule kabisa.

Phelista akamweleza kwa simu kilichokuwa kimeingia.

"Niliiambia isiandike kwa diski," Lorraine alisema. "Ndio iwe haraka. Diski ni mbovu, nikaona salamu ni kitu ya kupita tu, itasomwa na itaisha. Nitamwambia nini mama?"

"Usimwambie kitu kabla sijahakikisha ni yeye," Phelista alisema. "Matulo si mbali na kwangu."

Kesho yake Makokha aliomba hewani kwamba Nakhungu wa Matulo atume tena. Hakutuma. Akaomba siku iliyofuata, kimya. Jumapili, baada ya ibada, Phelista alivua viatu vya kanisani, akavaa malapa, akaenda Matulo. Mtu asiye na simu huazima ya mwenye biashara, kwa hivyo alianzia kwenye kisiagi cha unga. Mwenye kisiagi, kope zake nyeupe kwa vumbi la mahindi, hakufikiri hata kidogo alipoulizwa.

"Ni yule mama wa mguu? Mimi ndio nilimwandikia. Akakaa hapa kwa gunia kusikiliza redio mpaka kipindi ikaisha. Aliondoka, na tangu hapo hajarudi kusikiliza."

Nyumba ya binti ilikuwa karibu na kanisa. Nakhungu alikuwa ameketi kibarazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anapukuchua mahindi. Alimtazama mgeni kwa jicho la kupima.

"Mama, mulembe," Phelista alimsalimia kwa lugha yao. "Mimi natoka redioni. Nimekuja kwa ajili ya salamu yako."

Mikono ya mama yule haikusimama. "Salamu gani? Hiyo ilikataliwa."

"Ilikataliwa na nani?"

"Na Lahabu," alisema, akilitaja jina la Rahab kwa ulimi wa kwao. "Nilituma, nikangojea. Wamesoma ya kila mtu, yangu wakaruka. Nikasema basi, amewaambia wasisome. Watu wake walipoteza kila kitu huko kwetu. Hata kama ni mimi ningekataa."

Phelista akaketi chini, pale pale kwenye udongo, na gauni lake la Jumapili. Akamweleza habari ya mashine iliyokuwa Kitale, ya radi, ya stima. Akaona haieleweki, akaacha. "Mama," akasema, "Rahab hajasikia hata neno moja. Amekuwa akikusalimia kila wiki. Anafikiri uliuawa kwa ajili yake."

Hapo ndipo punje zilipotulia. Phelista alitoa simu yake, akapiga Kitale.

"Lorraine," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumwita kwa mji, "mpe mama simu."

Akaiweka kwenye sikio la Nakhungu. Kutoka kwenye ile simu ndogo Phelista alisikia mtu akipumua kwa shida. Halafu Nakhungu akasafisha koo.

"Lahabu. Kuku yako nyekundu ilikuja ikalala kwangu. Nilikaa nayo mpaka nikaondoka kwa sababu ya mguu. Nilitaka ujue sikuchinja."

Yaliyosemwa baada ya hapo Phelista hakuyasikiliza. Mpokeaji simu mzuri akishaunganisha watu hutoka kwenye laini. Aliondoka kibarazani akaenda kusimama karibu na mti wa parachichi, akamwacha mama yule akilia na kucheka na kumkemea mwenzake kwa kukonda, ingawa hakuwa anamwona.

Mguu ulipopata nafuu, Phelista alimpeleka Nakhungu Kitale. Rahab alikuwa amesimama nje ya duka la dawa tangu asubuhi, amevaa sweta mpya. Walipoonana hawakukimbiliana, walikuwa wazee mno. Walishikana mikono yote miwili wakabaki wanatazamana, kisha Nakhungu akasema amechoka na Rahab akamwambia aingie basi, ameganda hapo kwa nini.

Mlangoni akabaki mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani na nywele zilizonyolewa karibu na ngozi. Phelista alimtazama akatazama nyuma yake, akimtafuta yule mrefu mwenye shingo.

Yule mfupi akavuta pumzi, akacheka.

"Ati wewe ndio Webuye? Mimi nilijua wewe ni mama mkubwa, mweusi, na mwanya!"

Walishikana hapo mlangoni wakicheka mpaka wateja wakatoka nje kutazama. Baadaye Lorraine alimwonyesha seva. Ilikuwa boksi la kijivu lenye feni inayolalamika, na pembeni yake sasa kulikuwa na betri ya gari na diski nyingine. Alikuwa ameiagiza databesi iandike nakala yake kwenye diski kila baada ya dakika chache, na kama hilo linaipunguzia mwendo, basi ipungue. Phelista aliigusa kwa kidole kimoja, bila kuomba ruhusa, na Lorraine hakumkataza.

Kipindi kiliendelea mwaka ule wote wa 2009 na kidogo zaidi. Kisha kituo kikapata mwenye mali mpya, akaleta kompyuta zake na watu wake, na salamu zikawa zinaingia moja kwa moja pale Bungoma. Lorraine alipiga simu kabla ya kuizima proksi, kwa adabu tu, na Phelista alifungua ukurasa ule kwa mara ya mwisho. Haukuwa na salamu yoyote. Aliuacha wazi kwenye kioo alasiri nzima, akifanya kazi nyingine.

Rahab hakurudi kuishi Saboti. Shamba alilikodisha kwa mkwe wa Nakhungu, na misimu ya kuvuna wazee wale wawili walikuwa wanakwenda pamoja kukaa kwenye kivuli cha nyumba ya zamani na kuwasimamia watu ambao hawakuhitaji kusimamiwa. Makokha alihamia redio ya Eldoret. Lorraine naye alifunga saiba, simu za kisasa zilipomaliza wateja, akaajiriwa kufundisha kompyuta katika chuo kimoja huko huko Kitale. Anawaambia wanafunzi wake wasiamini mashine yenye haraka kabla hawajauliza inakumbuka nini ikizimwa, na wao wanaandika hilo bila kujua lilitoka wapi.

Phelista yuko Webuye, analima vitunguu na mboga. Jumapili jioni Lorraine humpigia, au yeye hupiga, na wanaongea juu ya magoti, na wajukuu, na mvua ya mwaka huu ambayo imekuja vibaya upande wa Kitale lakini Webuye ni nzuri.